Sura ya Sita: Mawe Yaliyosalia Kamianets

Smotrych si mto mkubwa. Unateremka kutoka kaskazini kwenda kumwaga maji yake katika mto Dniester, na sehemu kubwa ya njia yake ni mto wa kawaida unaopita kati ya mashamba ya Podilia, kusini magharibi mwa Ukraine. Lakini kuna mahali pamoja ambapo unapinda, unalizunguka jabali la mawe ya chokaa karibu duara zima, kisha unaendelea na safari yake. Kwa miaka isiyohesabika maji hayo yamelikata jabali mpaka yakachimba korongo la kina cha mita 40 hivi, lenye magenge yaliyosimama wima pande zote mbili. Kilichobaki katikati ni kipande cha mwamba kilichoshikana na nchi upande wa magharibi kwa ukanda mwembamba mno. Juu ya mwamba huo ndipo ulipojengwa mji wa Kamianets-Podilskyi, na ng'ambo ya ukanda ikawekwa ngome ya kuulinda mlango.

Mtu akiitazama ramani ya shaba iliyochongwa na Cyprian Tomaszewicz katika miaka ya 1670, anaelewa mara moja kwa nini kila aliyepita eneo hili akiwa na jeshi aliutaka mji huu. Mto umechorwa ukiwa umeukumbatia mji, nyumba zimebanana juu ya mwamba, na njia ya kuingilia kutoka ngomeni ni daraja moja. Mhandisi gani angeweza kubuni handaki kama lile? Wajenzi waliokuja baadaye walifanya kazi ya kuziba mapengo tu, pale ambapo genge lilikuwa limelegea au bonde limepanuka.

Hapo palikuwa ukingoni mwa dunia kadhaa kwa wakati mmoja. Wakuu wa ukoo wa Koriatovych kutoka Lithuania waliichukua Podilia baada ya Watatari kushindwa katika vita vya Maji ya Buluu mnamo 1362. Karne iliyofuata nchi ikawa ya taji la Poland, na tangu 1434 Kamianets ukawa makao makuu ya jimbo. Ukishuka kusini siku moja kwa farasi, unafika Dniester. Ng'ambo yake ilikuwa Khotyn, ngome ya wakuu wa Moldavia waliomlipa Sultani wa Waosmani kodi. Mashariki ilikuwa nyika tupu, njia ya wapanda farasi wa Kitatari waliokuja kuteka watu. Mateka wa Podilia waliuzwa katika soko la watumwa la Kaffa, pwani ya Krimea, na kutoka huko wakapakiwa majahazini kuvuka Bahari Nyeusi. Kwa hiyo ukuta wa Kamianets haukuwa pambo la mfalme. Kwa mkulima aliyesikia kengele ya hatari akiwa shambani, ukuta ule ulimaanisha kulala kwake au kulala safarini akiwa amefungwa kamba.

Ngome yenyewe tunayoiona leo, yenye minara mipana ya duara iliyoezekwa paa za mbao zilizochongoka, ilipata umbo lake hasa katika karne ya 16. Mnara mmoja unaitwa Mnara wa Papa, kwa sababu Papa Julius II alichangia fedha za ujenzi. Ni Papa yuleyule aliyemwajiri Michelangelo kupaka rangi dari la kanisa la Sistina. Fedha zake nyingine zikaja kuwa chokaa na mawe huku mpakani. Miaka ya 1540 mhandisi wa mfalme, Job Breitfuss, aliisuka upya ngome yote ili istahimili mizinga. Kazi ninayoistaajabia kuliko zote iko ndani ya mnara wa mashariki. Ni kisima kilichotobolewa kwenye mwamba mtupu, kina chake kama mita 40, na juu yake gurudumu kubwa la mbao la kuvutia ndoo. Wachimbaji walishuka na patasi na nyundo, wakitoa mawe kidogo kidogo kwenye vikapu, mpaka wakayafikia maji ya usawa wa mto. Mto uko pale pale chini ya genge, unaonekana kutoka dirishani. Lakini siku ambayo adui amekaa kando ya mto, maji yanayoonekana hayanyweki, na ngome isiyo na kisima hujisalimisha kwa kiu kabla ya risasi ya kwanza.

Upande wa mji ulinzi uligawanywa kwa mafundi. Kila chama cha mafundi kilipewa mnara wake, na kilitakiwa kuujenga, kuutengeneza, kuuwekea silaha na kutoa watu wa kuulinda. Wafinyanzi walikuwa na mnara wao, washonaji nguo wao, na washona manyoya walikuwa na ule mkubwa wa ghorofa nyingi ulio karibu na lango la kaskazini, ambao pia unaitwa kwa jina la Mfalme Stefan Batory. Napenda mpango huu kwa sababu unaonyesha mji ulivyojiona. Fundi wa kushona kanzu alijua tundu lake la kufyatulia bunduki kama alivyojua mlango wa karakana yake.

Pale palipokuwa na mabonde mepesi kuingilika, wajenzi walitumia maji. Lango la Poland upande wa kaskazini na Lango la Waruthenia upande wa kusini ni zaidi ya milango. Ni mfululizo wa kuta na minara iliyoshuka hadi kwenye mto wenyewe, ikiwa na mabwawa ya kuzuia maji. Adui akija, maji yalizuiwa yajae korongoni, na mahali pa kuvukia kwa miguu pakageuka ziwa.

Ndani ya kuta hizo waliishi watu wa mataifa matatu, kila moja na sheria zake. Wapoland Wakatoliki walikuwa na uwanja wao wa soko na jumba la baraza lenye mnara mrefu. Waruthenia, ambao ndio mababu wa Waukraine, walikuwa na makanisa yao ya Kiorthodoksi na mahakama yao. Na Waarmenia, waliofika huku wakifuata biashara na kukimbia misukosuko ya mashariki, walikuwa na soko lao, hakimu wao na kanisa lao la Mtakatifu Nikolasi. Hariri, mazulia, viungo na ngozi laini kutoka Istanbul vilipita mikononi mwao kwenda Lviv na mbele zaidi.

Mafaili ya mahakama ya Waarmenia wa Kamianets yapo mpaka leo, kuanzia katikati ya karne ya 16. Yameandikwa kwa herufi za Kiarmenia, lakini lugha yake ni Kikipchaki, lugha ya jamii ya Kituruki waliyoizoea walipoishi kati ya watu wa nyika. Basi mfanyabiashara Mkristo, mwenye jina la Kiarmenia, raia wa mfalme wa Poland, alimshtaki mdaiwa wake katika lugha inayokaribiana sana na ile ya Watatari waliokuja kuvunja lango. Watu wa namna hii ndio walioujenga mji. Katikati ya soko la Wapoland kimesimama kibanda cha mawe kizuri chenye pembe nane juu ya kisima cha karne ya 17. Kinaitwa Kisima cha Waarmenia, kwa kuwa mmoja wao, Narses, aliacha fedha katika wasia wake kwa ajili ya maji ya wote.

Mnamo 1621 Sultani kijana, Osman II, alileta jeshi kubwa mpaka Khotyn na akashindwa kupita. Watu wa Kamianets wana hadithi kwamba alipouona mji kwa mbali aliuliza nani ameujengea ngome imara kiasi kile, akajibiwa kuwa ni Mungu mwenyewe. Naye akasema basi Mungu mwenyewe na auteke. Hadithi hiyo ilipendwa mno. Nadhani iliwalewesha watu, maana miaka 50 baadaye mji ulikuwa na mizinga michache yenye watu wa kuitumia na askari wasiotosha kuzilinda kuta zote. Tena silaha zilikuwa zimebadilika. Vilima vinavyoizunguka ngome havikuwa tatizo zama za mishale, ila mzinga mzito ukipandishwa kilimani unaipiga ngome kutoka juu. Boma la udongo na mawe lililoongezwa mbele ya ngome mwanzoni mwa karne hiyo halikutosha kuuziba udhaifu huo.

Agosti 1672 akaja Mehmed IV mwenyewe, pamoja na waziri wake mkuu Köprülü Fazıl Ahmed Pasha, Khan wa Krimea, na Wakozaki wa hetmani Petro Doroshenko, aliyetafuta kwa Sultani ulinzi ambao hakuupata Warsaw wala Moscow. Jambo hili la Doroshenko lisipitwe haraka. Mara nyingi kisa cha Kamianets husimuliwa kama vita vya msalaba na hilali, na mshairi Nabi aliyeandika kitabu cha ushindi kwa Kituruki alikisimulia hivyohivyo kutoka upande wake. Lakini kati ya waliouzingira mji walikuwamo Wakristo wa Kiorthodoksi, na wao walikuwa na sababu zao.

Wachimbaji wa Kiosmani walitoboa chini ya kuta na kujaza baruti. Boma la mbele likaanguka, ukuta wa ngome ukapasuka, na tarehe 26 bendera nyeupe ikapandishwa. Wakati wa makabidhiano ghala la baruti la ngome lililipuka na kuua mamia ya watu, akiwamo kanali Jerzy Wołodyjowski. Inaaminika kwamba aliyeliwasha ni meja wa mizinga aliyeitwa Hejking, ambaye hakuukubali mkataba. Karne mbili baadaye Henryk Sienkiewicz alimfanya Wołodyjowski shujaa wa riwaya yake, na kwa Wapoland wengi Kamianets unajulikana kwanza kwa riwaya hiyo.

Sultani aliingia mjini, na Ijumaa ya tarehe 2 Septemba akaswali katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililokwisha kugeuzwa msikiti. Oktoba ile, kwa Mkataba wa Buchach, Poland iliitoa Podilia na kuahidi kulipa thaler 22,000 kila mwaka. Kwa miaka 27 mji ukawa makao ya pasha, ukiitwa Kamaniçe, jimbo la kaskazini kabisa la Dola ya Osmani katika Ulaya.

Kugeuza kanisa la aina ile kuwa msikiti si kuondoa sanamu na kutandika mikeka tu. Makanisa ya zamani ya huko, kwa desturi, yanaelekea mashariki. Kutoka Podilia, kibla kiko kusini, kikiinamia mashariki kidogo. Kwa hiyo safu za waumini hazikuweza kufuata urefu wa jengo. Zilikata upande, nguzo zikawapitia katikati, na mihrabu ikabidi itafutiwe nafasi katika ukuta ambao mjenzi wake hakuwahi kuufikiria kuwa wa mbele. Katika kanisa la watawa Wadominiko mimbari ya mawe ya wakati ule imo mpaka leo, ngazi zake zikipanda kuelekea mahali pa khatibu, ubavu wake ukiwa umechongwa mapambo ya kukatana bila sura ya kiumbe. Moto uliliunguza vibaya kanisa hilo miaka ya 1990. Mimbari ikanusurika.

Kwenye kanisa kuu Waosmani waliongeza mnara mwembamba wa duara, wa mawe, uliobandikwa kwenye uso wa mbele wa jengo. Ndani yake ngazi inajizungusha, nyembamba kiasi kwamba bega la mtu mzima linagusa ukuta, na juu kuna roshani ya muadhini. Fundi wake alitumia jiwe la chokaa lilelile la kijivu lililochongewa kanisa, ukuta wa mji na nguzo za daraja. Kwa mbali hakuna anayeweza kusema kwa rangi peke yake kwamba hili ni la Mkatoliki na hili ni la Mwislamu.

Waarmenia ndio walioumia zaidi katika miaka hiyo. Kanisa lao la Mtakatifu Nikolasi lilibomoka katika kuzingirwa, ukabaki mnara wa kengele tu, mzito na wenye vijinara vinne kwenye pembe. Wengi wao walihamishiwa Balkani baada ya ushindi. Jamii iliyokuwa na mahakama na mafaili yake ikawa familia chache.

Wapoland hawakuweza kuuteka tena mji kwa vita. Mnamo 1692 hetmani Stanisław Jabłonowski alijenga boma la Okopy, pale mto Zbruch unapoingia Dniester, ili kuzuia misafara ya chakula isiifikie Kamaniçe, na hata njaa hiyo haikutosha. Mji ulirudi kwa kalamu, kwa Mkataba wa Karlowitz wa 1699. Waosmani wakaondoka, na misikiti ikarudi kuwa makanisa.

Mnara wa muadhini kwenye kanisa kuu ukaachwa. Nimewahi kusoma sababu za aina nyingi, kutoka masharti ya siri hadi uhaba wa fedha za kubomolea. Lililo wazi ni kilichofanyika mwaka 1756, chini ya Askofu Mikołaj Dembowski. Juu kabisa ya mnara, pale ambapo paa lake lilichongoka, ilisimamishwa sanamu ya Bikira Maria ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyotengenezwa Gdańsk. Ina kimo cha mtu mara mbili hivi, na jua la jioni likiipiga inaonekana kutoka ng'ambo ya korongo. Wageni huambiwa kwamba huo ni mfano wa dini mbili kukaa pamoja. Mimi sioni hivyo, na nadhani tunawaonea waliokuwapo tukiwapachika mawazo yetu. Askofu alipandisha sanamu juu ya mnara wa adui kama askari anavyopandisha bendera juu ya boma alilolitwaa. Mnara ulihifadhiwa ili ushindi uwe na mahali pa kusimama.

Wala Dembowski hakuwa mtu wa kuvumilia dini za wengine. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1757, aliitisha mjini mdahalo kati ya marabi na wafuasi wa Jacob Frank, kundi lililojitenga na Uyahudi wa kawaida. Askofu akahukumu kwamba Frank na watu wake wameshinda, na akaamuru Talmudi zikusanywe. Zikachomwa hadharani. Aliyeamuru mnara usimame na sanamu juu yake ndiye aliyeamuru vitabu viwe majivu, na muda haukupita mrefu kati ya amri hizo mbili.

Kwa Wayahudi, Kamianets ulikuwa mji wa kufukuzwa. Wafalme wa Poland walitoa amri za kuwazuia kuishi ndani ya kuta mara baada ya mara, mpaka ile ya 1750. Walirudi kwa wingi baada ya 1793, Urusi ilipoitwaa Podilia katika mgawanyo wa pili wa Poland. Kufikia mwisho wa karne ya 19 walikuwa karibu asilimia 40 ya wakazi. Mpaka ulikuwa umesogea, sasa ng'ambo ni Austria, na biashara ya mpakani, ya halali na ya magendo, iliwalisha wengi.

Ngome ilikuwa imepitwa na wakati. Mwaka 1812 Tsar Alexander I aliifuta katika orodha ya ngome za vita, ikawa gereza. Katika Mnara wa Papa alifungwa Ustym Karmaliuk, mtumwa wa shambani aliyekimbia utumishi wa jeshi na kuongoza wakulima kuvamia nyumba za mabwana. Alitoroka kila walipomtia ndani, mpaka akapigwa risasi mwaka 1835. Wenyeji wengi leo huuita mnara ule kwa jina la Karmaliuk. Nafurahi kwamba fedha za Papa zimepata jina la mkulima.

Katika misukosuko ya 1919 Kamianets ulikuwa kwa miezi kadhaa makao ya serikali ya Kiukraine ya Symon Petliura, na chuo kikuu cha Kiukraine kilichofunguliwa humo mwaka uliotangulia, kikiongozwa na Ivan Ohienko, kiliendelea kufundisha huku mizinga ikisikika. Kisha wakaja Wasovieti. Miaka ya 1930 walibomoa makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi, likiwamo lile la Alexander Nevsky lililojengwa wakati wa matsar. Baada ya wateka mji waliogeuza majengo ya wenzao, hapa akaja mtawala asiyetaka hata kuyageuza. Na mnara wa Sultani, pamoja na Bikira wake, ukaepuka tena.

Majira ya joto ya 1941 Hungaria, mshirika wa Ujerumani, iliwafukuza Wayahudi walioshindwa kuonyesha hati za uraia, hasa wa milima ya Karpati, ikawasukuma mashariki hadi nchi iliyokwisha kutekwa na Wajerumani. Maelfu yao walifikishwa Kamianets, wakarundikwa pamoja na Wayahudi wa mji. Mkuu wa SS, Friedrich Jeckeln, aliahidi kuwa suala hilo litamalizwa. Kati ya tarehe 26 na 28 Agosti watu walitembezwa nje ya mji hadi kwenye mashimo ya mabomu, wakapigwa risasi. Hesabu iliyoandikwa na wauaji wenyewe ni watu 23,600. Hadi siku hizo hakuna mahali popote Wanazi walipokuwa wameua Wayahudi wengi kiasi hicho kwa mara moja, na vikosi vilivyofanya kazi hiyo vilikwenda kuirudia kwingine. Wachache walioachwa waliwekwa ghetto, nao wakauawa baadaye.

Kwa sababu hiyo siwezi kuusoma mji huu kama wanavyousoma waandishi wa vitabu vya watalii, wanaosema historia imekuwa na huruma kwa Kamianets. Imekuwa na huruma kwa mawe. Mnara, mimbari, kisima cha Narses na minara ya mafundi vimebaki, tena vimetunzwa vizuri. Mji mkongwe ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na Ukraine imeliweka korongo pamoja na majengo yake kwenye orodha ya mapendekezo ya UNESCO. Lakini Waarmenia walioandika mafaili kwa Kikipchaki hawapo, Wayahudi hawapo, na Wapoland waliosalia ni jamii ndogo inayokusanyika katika kanisa kuu chini ya ngazi za muadhini.

Ukitembea mji mkongwe leo utaona nafasi nyingi wazi zenye majani kati ya kanisa na kanisa. Hizo zilikuwa mitaa. Nyumba nyingi za kuishi zilibomolewa na vita, na nyingine zikamalizika katika miaka ya baada ya vita, matofali yake yakibebwa kujengea kwingine. Misingi na maghala ya chini ya ardhi yamebaki chini ya nyasi. Katika miongo ya karibuni baadhi ya viwanja vimejengwa nyumba mpya kwa kufuata misingi ile, na watu wa uhifadhi wanabishana kama ni sawa. Mimi niko upande wa wanaotaka kwanza pawekwe majina: nyumba hii ilikuwa ya familia fulani, mfanyabiashara wa ngozi, Mwarmenia, mpaka mwaka fulani, hii ilikuwa ya mwalimu wa Kiyahudi, mpaka Agosti 1941. Mafaili ya mahakama yapo, daftari la ardhi ambalo Waosmani waliliandika kwa ajili ya kodi limehifadhiwa na kuchapishwa, na vitabu vya raia vya wakati wa Urusi vinaweza kupekuliwa. Kazi hiyo haihitaji chokaa wala jukwaa la mafundi.